Jela ya Nyani

Enzi zetu sisi tuliokulia Murungu, nyani aliijua ratiba ya shule kuliko mwalimu mkuu. Kengele ya asubuhi ikilia, watoto wakipanga mstari kukaguliwa kucha, yeye kule mlimani anajinyoosha, anabweka mara moja, anawakusanya wake zake na watoto wake, kisha wanateremka taratibu kuelekea kwenye mahindi ya watu. Ndiyo maana msimu wa mahindi kukomaa kila nyumba ilikuwa na mtoto asiyeonekana darasani. Mwalimu akiita jina lako kwenye mahudhurio, wenzako wanajibu kwa pamoja, "Analinda!" Mwalimu anaweka alama yake na kuendelea na jina linalofuata. Hakuna aliyeona ajabu.

Nikiwasimulia vijana wa siku hizi wanacheka. Kwao wao nyani ni kile kikatuni cha kwenye simu kilichoziba macho kwa viganja, wanachotumiana wakiona aibu. Aibu! Nyani niliyemjua mimi hakuwa na aibu hata chembe. Alikaa katikati ya shamba lako, akavunja hindi, akaling'ata mara mbili, akalitupa, akavunja jingine, na muda wote huo anakutazama usoni. Na akishagundua kuwa mlinzi ni mtoto wa kike, basi hata kutazama hajisumbui.

Kwa sababu hiyo sisi wasichana tulilinda tumevaa makoti ya baba zetu. Nyani anamwogopa mwanaume, mwanamke anamwona kama mwenzake tu wa kugombania chakula. Koti la baba yangu lilinifika kwenye vifundo vya miguu, mikono yake ikaning'inia, na juu yake nilivaa kofia iliyonifunika masikio. Lilinuka tumbaku na mafuta ya baiskeli. Nilipanda kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu katikati ya shamba, nikasimama kwa miguu iliyotanuka kama nilivyowaona wanaume wakisimama, na nikajaribu kukohoa kwa sauti nzito.

Ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko uliotazamana na wetu, alisimama mwanaume mwingine mfupi mwenye koti refu. Huyo alikuwa Goreti.

Wazazi wa Goreti walikuwa Warundi waliokimbia kwao kabla hatujazaliwa. Walipewa kipande cha shamba kijijini kwetu, wakajenga, wakazaa. Sisi Waha na wao lugha zetu ni karibu moja, kwa hiyo utotoni sikujua kama Goreti ni mgeni. Nilijua tu kwamba yuko ng'ambo, ana miaka kumi kama mimi, ana pengo la jino la mbele, na anajua kupiga kombeo mpaka jiwe linalia hewani.

Shambani tulikuwa na mwiko mmoja. Nyani hatajwi kwa jina. Baba alikuwa akinionya kila asubuhi anaponivalisha koti: "Ukimtaja, anaitika." Kwa hiyo tuliwaita wazee wa mlimani, na tukawasema kama wanavyosemwa watu wanaokuja kutembea. Goreti akiwaona wa kwanza alipaza sauti kutoka kwake, "Yasinta we! Baraje!" Maana yake, wanakuja. Mimi naitika, "Ego!" yaani ndiyo. Kisha tunaanza kupiga madebe pande zote mbili, yeye kule, mimi huku, mpaka wazee wanachanganyikiwa hawajui wakimbilie wapi. Tulikuwa tunasikilizana vizuri kabisa kuvuka lile bonde. Sijawahi tena maishani kuwa na mtu wa kunijibu haraka namna ile.

Saa za mchana, jua likiwaka na wazee wa mlimani wamejilaza kivulini, mmoja wetu alivuka kijito kwenda kwa mwenzake. Tulichoma mahindi yale yale tuliyoyalinda, tukala na karanga mbichi, tukanywa maji ya kijito kwa jani. Tulisimuliana. Bibi yangu ndiye aliyekuwa mwenye hadithi za sokwe. Huku kwetu sokwe hawakuwepo tena, ila wazee walisema zamani walisikika wakipiga kelele upande wa misitu mikubwa. Bibi alisema sokwe walikuwa watu wa ukoo mmoja waliogombana na ndugu zao kwenye pombe ya mavuno. Wakasusa, wakaingia msituni, wakajisemea watakaa siku moja tu mpaka ndugu zao waje kuwabembeleza. Ndugu nao wakawa na kiburi. Siku ya pili ikapita, ya tatu, manyoya yakaanza kuota. Goreti aliichukia sana hadithi hiyo. Kila nikiifikisha mwisho aliuliza, "Kwa nini hawakurudi wenyewe? Njia si walikuwa wanaijua?"

Sasa niwaeleze kuhusu ile jela.

Baba yangu alikuwa tarishi wa parokia. Kila wiki alipanda baiskeli kwenda posta ya Kibondo na kurudi na mfuko wa barua za mapadri, nyingi zikiwa zimetoka nchi za ng'ambo. Padri akishasoma, bahasha alimpa baba, na baba alitumia bahasha hizo kuwashia moto na kuandikia mahesabu ya mbegu. Stempu zake niliruhusiwa kuzichukua. Zilikuwa na wafalme, maua, meli, ndege, na mara moja moja, mnyama. Siku nilipopata ya kwanza yenye nyani, nyani wetu kabisa mwenye pua ndefu na sura ya kujidai, nilikimbia nayo mpaka ng'ambo kumwonyesha Goreti. Aliitazama kwa muda mrefu. Asubuhi ya siku ile ile wazee wa mlimani walikuwa wamekula safu nne za mahindi ya mama yake, na alichapwa kwa ajili hiyo. Akasema, "Huyu tumfunge."

Tukachukua daftari langu la hesabu lililobaki kurasa nyingi, tukachora nondo kwa rula kwenye jalada, juu yake tukaandika Jela ya Nyani. Tulimbandika mfungwa wa kwanza kwa ugali wa muhogo uliolainishwa kwa maji. Chini yake Goreti, mwenye mwandiko mzuri kunishinda, aliandika mashtaka: Jina, Mzee. Kosa, safu nne. Kifungo, maisha.

Kuanzia hapo stempu nyingine zote tulizigawa bure kwa wenzetu, tukabaki na za nyani na jamaa zake tu. Kila wiki nilimngoja baba njiani nikimwomba Mungu padri awe ameandikiwa na mtu mwenye nyani. Tulimpata tumbili, kosa karanga. Tulimpata mbega mwenye manyoya meupe mgongoni, tukampunguzia kifungo kwa sababu mbega hashuki shambani, anakula majani yake huko huko juu, lakini Goreti alisisitiza kwamba lazima alikuwa anawaona wenzake wakiiba na hakusema. Tulimpata sokwe kwenye stempu ya nchi yetu wenyewe, amekaa kashika kidevu, tukashindwa kumshtaki. Mwishowe Goreti aliandika, Kosa, kususa. Kulikuwa na stempu moja kutoka nchi ya theluji, haina nyani hata mmoja porini kwake, ila imemchora kima na mkia wake wote. Tulijadili siku nzima nani alimpeleka kule. Yule hatukumwekea kifungo, tuliandika mahabusu.

Watoto wa sasa wana michezo elfu kwenye simu, na kila nusu saa wanalalamika wamechoka. Sisi tulikuwa na daftari moja na uji wa muhogo, na mvua ikinyesha tulililaza katikati ya makoti yetu mawili lisilowe.

Tulipofika darasa la sita ikaja habari kwamba kwao Burundi mambo yametengemaa, watu wamepiga kura, waliokimbia wanaweza kurudi. Familia nyingi zilifunga mizigo. Baba yake Goreti alikuwa ameisubiri siku hiyo maisha yake yote. Aliuza mbuzi, akang'oa milango ya nyumba yake na kuigawa kwa majirani. Nakumbuka ile nyumba ilivyobaki na midomo wazi.

Nilimsindikiza Goreti mpaka barabara ya kwenda Mabamba, mpakani. Tulikuwa tumekwisha kuzungumza kuhusu daftari. Nilitaka alichukue yeye, maana mashtaka yote ni mwandiko wake. Akakataa.

"Jela haihami," alisema. "Ikae hapa walikofanya makosa. Mimi nitakuwa naleta wafungwa."

"Utawaletaje?"

"Kwa posta, si baba yako tarishi? Nikikuandikia nitakutafutia stempu ya hao hao. We unambandua, unamfunga."

Tulicheka. Tulikuwa wadogo, tulidhani Burundi ni kama ng'ambo ya kijito ila mbali kidogo. Mama yake alinishika kichwani akaniambia kwa Kirundi nikae na amani, wakaondoka na wengine kwa miguu, kuku wao wakiwa kwenye kikapu. Siku iliyofuata nilipanda dungu. Wazee wa mlimani walikuja kwa upande wa kina Goreti, mahali ambapo hapakuwa na mtu tena, na mimi nikapiga debe peke yangu hadi mikono ikauma. Walikula wakashiba.

Barua ilifika baada ya miezi miwili hivi. Baba alishuka kwenye baiskeli, akanipa huku anatabasamu. Ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa yenyewe ikawa bahasha yake, kingo zimegandishwa kwa muhogo, ndivyo sisi watoto tulivyotuma barua, bahasha za dukani zilikuwa za watu wazima. Na juu kulia, ametulia pale, nyani! Mkubwa, amekaa juu ya jiwe, kagongwa mhuri wa posta ya Ruyigi.

Niliisoma nimesimama. Alianza kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba yeye ni mzima, hofu na mashaka ni kwangu mimi niliye mbali na upeo wa macho yake. Kisha akaacha Kiswahili cha shule akaandika anavyosema. Watoto wa kule wanamcheka, wanasema anaongea Kitanzania. Shamba lao lilikuwa limekaliwa na watu wengine, wanaishi kwa baba yake mdogo. Hana rafiki. Akamaliza hivi: "Nimekukamatia mmoja, ni mkaidi, mfunge haraka asitoroke. Na wewe unijibu haraka. Barua zinakuja kwa katekista, nitakuwa napita kwake kila Jumamosi kuuliza."

Basi mimi nikatii. Nikafanya kama tulivyofanya siku zote. Stempu haibanduliwi kavu, inachanika. Unaikata ile kona ya karatasi kwa wembe, unailoweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, unaliacha bakuli mpaka stempu ijitenge yenyewe. Nilichukua wembe wa baba. Nilikata vizuri, kwa mstari ulionyooka, nikaitumbukiza kona ndani ya bakuli na kukaa pembeni nikingoja mfungwa wangu.

Maji yalianza kuwa ya bluu.

Mnajua tulivyofundishwa kuandika barua. Anwani ya mwandishi inakaa juu, upande wa kulia. Na stempu nayo, kwa nje, juu, upande wa kulia. Alivyoikunja ile karatasi yake, stempu ilikaa mgongoni mwa anwani. Na hakutumia kalamu ya risasi tuliyoizoea, alikuwa amepata wino wa chupa, wino mzuri wa bluu, nadhani aliazima mahali ili barua yangu ipendeze. Nilipoigeuza ile kona kulikuwa na ukungu tu wa bluu. Niliitoa nikaianika juani, nikaishika kwenye mwanga, nikampelekea baba, baba akampelekea padri mwenye miwani. Zilionekana herufi B.P., yaani sanduku la posta kwa kwao, na neno Ruyigi, basi. Namba ilikuwa imekwenda, na jina la huyo katekista, na jina la kilima chao. Nilikuwa nimeisoma ile anwani kwa macho mawili na sikuikariri, kwa sababu nani anakariri kitu alichokishika mkononi?

Stempu yenyewe ilitoka salama kabisa, haikupungua hata jino moja.

Nililia mpaka mama akakasirika. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alinipakia kwenye baiskeli siku ya zamu yake tukaenda posta Kibondo. Nilikuwa nimeandika barua ya kurasa tatu, na juu ya bahasha, safari hii bahasha ya dukani, nimeandika jina lake na la pili, kisha: kwa katekista, Ruyigi, Burundi. Karani alikuwa mzee mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Mwanangu, Ruyigi ni mkoa mzima," aliniambia. "Makatekista wa huko ni wengi."

"Ana pengo la jino la mbele," nikamwambia.

Baba aligeuka akatazama nje. Karani hakucheka. Aligonga mhuri, akasema, "Tuijaribu." Nawaombea watu wa namna ile. Lakini barua haikurudi wala haikujibiwa. Nikaandika ya pili, na ya tatu. Kila ilipofika Jumamosi nilikuwa siwezi kula, nikimwona kichwani anavyotembea kwenda kwa huyo mtu na kurudi mikono mitupu.

Kisha vita vikaanza kule. Hazikupita wiki nyingi, Warundi wakaanza kumiminika tena kupitia Mabamba, wengine wakiwa wale wale tuliowasindikiza. Nitasema jambo la aibu. Watu walikuwa wanalia na majeraha, na mimi moyo wangu ulikuwa unaruka kwa tumaini. Nilisimama barabarani siku baada ya siku nikitazama kila msichana mdomoni. Baadaye kambi zikafunguliwa, na nilipokwisha kuwa mkubwa, nimeolewa Kasulu, nilikuwa naenda kambi ya Mtabila kila nilipopata nafasi. Niliuliza kwenye foleni za maji, kanisani, sokoni. Mama mmoja kutoka Ruyigi alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

"Ma Goreti ni benshi, dada," alisema. Wengi. "Wa kilima kipi?"

Nikamwambia kilima sikijui. Akauachia mkono wangu taratibu, kama mtu anayeweka yai chini. Mtabila yenyewe ilifungwa, watu wakarudishwa kwao, na siku malori yanaondoka nilikuwepo kando ya barabara. Mume wangu alinicheka kidogo, akanihurumia zaidi. Naye ametangulia sasa. Watoto wako Dar na Mwanza, wananipigia Jumapili.

Daftari ninalo. Nyani wa Ruyigi yumo, nilimbandika siku ile ile kwa hasira, na chini yake sijaandika kitu. Mwandiko wangu ni mbaya.

Likizo iliyopita binti wa kaka yangu alikuja kukaa nami, msichana mwema ila haondoi macho kwenye simu. Nilimsimulia. Alinitazama kana kwamba nimesema sijui kufungua mlango. "Shangazi, mbona simpo tu? Mcheki Facebook!" Akaniwekea hapo hapo. Nikaandika Goreti na jina lake la pili, jina ambalo kule kwao utadhani waligawiwa nusu ya nchi. Wakatokea Magoreti wasio na idadi. Wenye mawigi, wenye vitoto, wenye maua badala ya sura. Nikaanza kuwaandikia mmoja mmoja: samahani dada, wewe utotoni ulilinda mahindi Murungu? Mmoja alijibu, "Hapana mama, si miye, Mungu akusaidie." Mmoja alidhani mimi ni tapeli akanifungia. Wengine kimya. Binti akachoka mapema, akaniachia simu yake, akaenda kulala.

Hawa wa leo hawapotezani. Hata wakigombana, hata wakichokana, mtu yupo tu, wanaona amekula nini, amevaa nini, amelala saa ngapi. Wana watu mia tano na hawajibizani. Sisi tulikuwa na mmoja, ng'ambo ya kijito, ukipiga debe anaitika. Sitaki kusema zamani kulikuwa kuzuri, maana tulichapwa, tulikosa shule, tulitembea peku. Ila ninapokaa barazani kwangu jioni hapa Kasulu, simu imelala mapajani, hakuna anayeniambia wanakuja.

Wanaonipenda hudhani ninachoogopa ni kwamba Goreti alikufa katika vita vile. Hapana. Hilo nimekwisha kulilia, na kama ni hivyo, angalau alikwenda akiwa hajakata tamaa nami. Ninachoogopa ni kwamba yuko hai. Yuko mahali, ni mama wa watu sasa, pengine bibi, na siku akiwasimulia wajukuu zake anawaambia alikuwa na rafiki Tanzania, alimwandikia barua, na yule rafiki hakumjibu.